Shuka Saba Kwenye Mstari wa Barafu

Alunguli, Kindu

Mama,

Nimerudi kutoka kwenu. Nimepanda Ruwenzori hadi pale Babu alipokuwa anakupeleka, nimeweka kiganja changu juu ya jiwe lile lile, na nimerudi mzima. Hapa kila mtu nimekwisha kumsimulia, hata wale ambao hawakuuliza, na bado moyoni naona kama sijamwambia mtu. Aliyepaswa kusikia wa kwanza ni wewe.

Tangu utuache, tumevuna mpunga mara mbili. Acha nianze na siku ya maziko, maana hiyo hukuiona. Akina mama wa kanisa walikuja kuniuliza picha ya kuweka mbele ya jeneza. Nikafungua makasha yako yote. Nikakuta harusi za nusu ya Kindu, mafundi wa reli na sare zao, watoto wa ubatizo, wakubwa wa ofisi waliohamishwa zamani. Yako hata moja haikuwemo. Miaka yote hiyo ulikuwa nyuma ya kamera, na sisi hatukufikiri hata siku moja kukuambia, Mama, simama nawe pale. Mwisho tulikuza ile ya kadi ya uchaguzi, ambayo umekunja uso kama mtu aliyeamshwa ghafla. Watu walipita mbele yake wakilia, mimi nikabaki na hasira. Mpiga picha wa mji mzima anaondoka na picha iliyopigwa na mtu mwenye haraka.

Katika kasha la chini kabisa kulikuwa na kopo la maziwa ya unga. Nilijua kilichomo kabla sijalifungua. Filamu zako za mlima, umezifunga katika karatasi, na mchele mkavu chini yake ili unyevu usizile.

Naandika mambo unayoyajua kuliko mimi, lakini nataka kuyaona yamekaa kwenye karatasi. Ulizaliwa Mutwanga, chini ya mlima. Babu alikuwa mpagazi, akibeba mizigo ya wageni waliokuja kuona barafu. Wewe ukaenda Kisangani kujifunza kazi ya picha, na kila ulipopata likizo ulirudi nyumbani na kamera, Babu akakupandisha. Mara tatu. Kila mara alisimama kwenye jiwe moja, pembeni ya barafu, nawe ukampiga picha ukiwa mahali pamoja. Katika ya kwanza barafu inampita mabega, ni kama ukuta wa nyumba, na mkono wake ameuegemeza hapo kama mtu anayejivunia ng'ombe wake. Katika ya pili inamfika kiunoni. Katika ya tatu, kati yake na barafu pana nafasi ya mbuzi kupita, na mkono wake unaning'inia, haujui pa kushika.

Kisha ukaolewa na Baba, fundi wa reli, mtu wa Kasai, mkaja Kindu, ukafungua studio karibu na kituo cha gari la moshi, na mlimani hukurudi tena. Hapa hakuna aliyekuamini. Barafu ya kweli, juu ya mlima, hapa kwetu Kongo! Ulikuwa unatuita dirishani, mimi na Didier, unainua filamu kwenye mwanga. Kwenye filamu kila kitu kimegeuka, na barafu ilionekana nyeusi kama makaa. "Muangalie vizuri," ulisema. "Ile nyeusi yote njo nyeupe. Kule kwetu tunaita nzururu." Tulicheka mpaka ukatufukuza.

Halafu vita ikafunga mji. Treni haikuja tena, Baba akabaki upande wa Katanga bila habari, na watu wa msituni wakatuzunguka kila upande. Aliyekwenda shambani hakurudi, au alirudi mikono mitupu. Studio yako ng'ambo ya mto waliivunja, wakachukua hata lile pazia la maua ambalo watu walisimama mbele yake. Kamera ulikuwa umekwisha kuivusha kwa mtumbwi mpaka nyumbani Alunguli, chini ya majani ya sombe kwenye kikapu, pamoja na kopo lile.

Didier alikuwa na miaka minne. Miguu ikavimba, nywele zikawa nyekundu; bwaki, ule ugonjwa wa njaa, ilikuwa imemshika. Alikuwa ameacha kulia, na hilo ndilo lililokuogopesha. Asubuhi moja ulivaa kikwembe chako kizuri, ukatoka na kamera begani. Ulirudi na gunia la mihogo mikavu, samaki wa chumvi watano, na mafuta ya mawese kwenye chupa. Mke wa komanda mmoja alitaka kamera, ulisema. Basi.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Ulikuwa umekwisha kunifundisha kuweka filamu ndani ya kamera ile nikiwa nimefumba macho, na niliona kama umetoa kitu changu. Nikakuambia neno. Unalikumbuka, najua. Nilisema: "Basi wewe sasa haiko mupiga picha tena. Iko muntu tu kama wengine."

Hukunipiga. Ulikuwa unatwanga ile mihogo. Ukajibu bila kuinua kichwa: "Kamera iko chuma, Ngalula. Mutoto haiko chuma." Ukaendelea kutwanga.

Sikukuomba msamaha siku ile, wala mwaka ule, wala siku nilipokuwa nakuosha miguu hospitalini. Kila mara niliona kuna muda. Nakuomba leo, kwa maandishi, kwa kuwa kwa mdomo nimechelewa.

Didier alipona. Baba aliporudi baada ya vita, amekonda, alimtazama mtoto anakimbia uani, na hakuuliza kamera iko wapi. Mpaka alipokufa hakuuliza. Nawe ulianza upya na kakamera kadogo ka kukodisha, picha za kadi, picha za shule, hadi simu zilipokuja kila mtu akawa mpiga picha. Lakini kazi ulinifundisha, na nimebaki nayo. Harusi nazipiga, matanga nayapiga. Nakula kwayo.

Sasa nikuambie kwa nini nilitaka kwenda. Nilipozifuta vumbi filamu zako na kutoa picha, nilizipanga tatu mezani, nikaona nafasi ya nne iko wazi. Nafasi ile iliniita kila nilipopita. Kwanza nilifikiri niende tu nipige picha mahali pale pale, niziweke kando kwa kando, ya kale na ya leo. Halafu nikajiambia: mtu ataangalia, atasikitika, ataenda kula. Nilitaka picha ambayo mtu ataona ndani yake kile kisichokuwapo tena. Wazo lilikuja siku akina mama wa kanisa walipokuja kuchukua shuka zao, zile nyeupe walizotandika kwenye mabenchi uani wakati wa matanga yako. Nilikuwa nazianua kwenye kamba. Upepo ukazijaza zote mara moja, na mbele yangu ukasimama ukuta mweupe.

Niliwaomba waniachie. Walinitazama kama mtu ambaye msiba umempanda kichwani. Lakini waliniachia saba, na mkubwa wao akasema, "Uzirudishe zikiwa safi." Nikazishona upande kwa upande.

Aliyekataa safari ni Didier. Unamjua. Siku hizi ana mabega mapana na pikipiki yake, anabeba watu kati ya Alunguli na Kailo, na hasemi sana. Siku ile alisema.

"Yaya, dada yangu, kule Beni wanachinja watu, radio hausikie? Mama alitoa kamera ili mimi nipone. Wewe sasa unataka kutoa mwili wako ili upate picha?"

Nilimwambia tu kwamba barafu ile haitanisubiri mpaka vita iishe. Vita zetu zinajua kukaa, barafu haijui. Akatoka. Siku tatu hakuja kula kwangu.

Asubuhi ya safari nilimkuta mlangoni anafunga mzigo wa shuka nyuma ya pikipiki kwa mpira. "Mpaka Lubutu," akasema. "Kutoka pale utajijua." Tulisafiri siku nne katika matope, mara yeye ananibeba, mara sisi wawili tunaibeba pikipiki. Tulipofika Lubutu aligeuka haraka akaondoka bila kuniangalia. Ana shingo kama ya Baba, inasema yote.

Kutoka pale nilipata gari hadi Kisangani, kisha lori kwenda Beni. Sitakueleza njia yote. Kuna mahali magari yalisimama siku nzima yakingoja askari wa kuyasindikiza, na mama aliyekaa kando yangu alikuwa anahesabu rozari haraka haraka kama mtu anayechambua maharage. Niliogopa. Niliogopa sana, na nilikuwa namsikia Didier sikioni. Lakini wiki zile upande wa Mutwanga ulikuwa umetulia, na nilifika.

Nilimtafuta mtu wa kunipandisha, nikaelekezwa kwa Kasereka, ambaye baba yake alifundishwa njia na Babu. Mama yake yuko hai, kikongwe, macho yake ni ukungu mtupu. Alishika uso wangu kwa mikono miwili, akaupapasa. "Wewe mutoto wa Kavugho? Yule alikuwa anatukataza kucheka mbele ya mashini?" Kisha akacheka kwa nguvu, kinywa wazi, makusudi, kama mtu aliyengoja nafasi hiyo maisha yake yote. Nilimpiga picha hivyo hivyo. Utanisamehe.

Kasereka alipoona mzigo wangu alikuna kichwa. "Dada, kule juu hakuna kitanda."

Nikamwonyesha picha zako tatu. Alizishika kwa ncha za vidole, akazipitia, akarudia. Hakuuliza tena. Shuka alizibeba yeye mwenyewe, mizigo mingine akawagawia wapagazi wanne.

Mama, ulikuwa unatuambia mlima ni mzuri; hukutuambia kwamba unaua magoti. Chini ni kakao na kahawa, ndipo mianzi, ndipo miti yenye ndevu ndefu za kijani na matope yanayokumeza hadi kwenye paja. Juu zaidi kuna mimea mirefu kama watu, imevaa majani yake makavu mwilini, na katika ukungu nilimsalimia mmoja. Mimi mtu wa mto, niliyezoea jasho, nilivaa sweta tatu na meno bado yaligongana. Siku ya tatu nilitapika kila nilichokula. Kasereka akanipa chai na kusema nikitapika tena tutashuka. Nilimeza matapishi yangu, Mama. Nakuambia wewe tu.

Tulipofika kwenye kibanda cha mwisho, ukungu ulifunga. Siku ya kwanza hatukuona hata miguu yetu. Siku ya pili hivyo hivyo. Kasereka alihesabu unga uliobaki, akaja kukaa mbele yangu. Alisema wapagazi wote wanne wana watoto, baridi haichezi, na mlima hauna haraka ya kunifurahisha.

Nikamwambia: kesho asubuhi mara moja tu. Ikifunga, tunashuka, na sitalaumu mtu.

Aliwaendea wenzake, wakaongea Kinande kwa muda mrefu. Akarudi. "Kwa sababu ya muzee aliyemuonyesha baba yangu njia," akasema. "Asubuhi moja."

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umeshuka bondeni na juu kukawa wazi, buluu kali ya kuumiza macho. Tulipanda tukihema. Kasereka alienda mbele na picha yako ya kwanza mkononi, akiinua, akilinganisha na kilele, akisogea kushoto, akirudi. Kisha akasimama. "Hapa."

Jiwe lilikuwa lenyewe, na ule ufa wake uliopinda kama kiwiko. Nililigusa. Pale barafu ilipokuwa imelala, jiwe ni laini kama sahani, kumbe iliusugua mwamba miaka yote hiyo. Na pale Babu alipoegemeza mkono kulikuwa na hewa. Nyuma yake mwamba mtupu uliolowa, mweusi kutoka miguuni petu hadi juu, mweusi kama makaa, na barafu ya leo iko mbali kule, kipande tu, kimejificha kwenye kivuli. Nilikuwa naona filamu yako, Mama. Filamu yenyewe, kabla haijatolewa picha. Isipokuwa safari hii nyeusi ilikuwa nyeusi, na hakuna dirisha la kuiinulia ili igeuke.

Kasereka alisema polepole, "Baba yangu aliigusa akiwa hapa. Mimi napanda saa nzima nikihema kama mbwa. Mutoto wangu, sijui kama ataikuta."

Sikulia. Nilikuwa na kazi.

Tulifungua shuka. Upepo ukazinyakua, mpagazi mmoja akavutwa hadi akapiga magoti. Nikawapanga kwa kufuata picha yako ya kwanza, huyu juu ya ule mwinuko, huyu kwenye ufa, huyu nyuma zaidi, wanyooshe kitambaa pale pale ukingo wa barafu ulipopita. Kasereka nikamweka mahali pa Babu. Nilikuwa napiga kelele kama mwendawazimu: inueni! shusheni! wewe kushoto! Shuka moja ikapasuka kwenye mshono, sauti yake kama risasi, sote tukalala chini kwa mazoea yetu ya watu wa vita. Kisha tukaangaliana tukacheka, tukainuka, wakashika tena. Nikarudi mpaka mahali ulipokuwa unasimama wewe. Ukuta mweupe ulisimama juu ya mwamba mweusi, unapumua. Kasereka, bila mimi kumwambia, akaegemeza mkono wake.

Nilipiga picha kumi na saba. Kisha ukungu ukapanda kutoka bondeni ukatufunika, na ikawa imekwisha.

Wakati wa kurudi nilitoa picha kubwa Kisangani, nikazibeba zimeviringwa ndani ya bomba la plastiki. Paroko alinipa ukumbi wa parokia Alunguli. Nilitundika picha zako tatu, kisha ya kwangu, na chini yake sikuandika hotuba, niliandika tu mlima gani, nani amepiga, nani amesimama. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Wengi walikuja kwa ajili yako. Didier alisimama mbele ya Babu mpaka watu wakaanza kumsukuma. "Kumbe tunafanana," akasema. Ndiyo yote aliyosema, lakini tangu siku ile amerudi kula kwangu.

Mwalimu mmoja aliuliza, kwa adabu, kama maji ya barafu ile yanafika kwetu Lualaba. Nikajibu ukweli: hapana, yanaenda upande mwingine kabisa. Nilisikia wazi swali ambalo hakuna aliyelitoa: basi yatuhusu nini?

Ndipo akasimama mzee mmoja, mkulima wa mpunga kutoka Kailo, viatu vyake bado vina udongo. Alisema: "Zamani mvua ilikuwa inakuja na jina lake. Tulijua, hii ya kulima, hii ya kupanda. Sasa inakuja kama mulevi, inagonga mulango mara moja na kutoka. Mwaka huu nimepanda mara mbili na kuvuna nusu. Huyu mama yako aliona barafu imehama, akapiga picha. Sisi mvua yetu imehama. Nani ametupiga picha?"

Watu waligeuka wote wakaniangalia. Mama, nilijua jibu.

Kila Jumamosi sasa Didier ananipeleka Kailo. Mzee yule ananionyesha kwa fimbo mahali ambapo kijito kilikuwa kinafika, na wajukuu zake na wake zao wanashika kikwembe cha buluu kwenye ukingo ule wa kale. Wanabishana sana ulipita wapi hasa, kila mmoja ana kumbukumbu yake, na ninawaacha wabishane mpaka wakubaliane. Kazi inakwenda polepole. Sitaiacha.

Shuka nilizifua nikazirudisha, ile iliyopasuka nimeishona. Kopo lako liko kwangu, mchele nimeubadilisha. Kwenye kaburi lako majani hayapandi, Didier anayakata.

Sasa nakuaga, Mama. Lala pale tulipokulaza, na usihangaike juu yetu. Mimi kiangazi kijacho napanda tena, na njia ikifungwa nitangoja ifunguke, na nitapanda. Kasereka nimekwisha kumpa neno. Ikifika siku nitakayokuta barafu imeisha hata kile kipande cha kivulini, sitafunga kamera nikashuka. Nitasimama pale pale ulipokuwa unasimama, nitalipiga jiwe tupu, na nyuma ya picha nitaandika majina yetu mmoja mmoja, ili atakayekuja asiseme hakuna aliyeona.

Binti yako,
Ngalula